Dirisha Lililosema "Imehifadhiwa"

Kila alipotoka shule, Injinia alivua sare, akala alichowekewa, kisha akaokota pini zilizoanguka chini ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa nguo za kike, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa kiwanda chake: cherehani karibu na mlango, meza ya kukatia katikati, na vipande vya vitambaa kila mahali ambapo mtu angetaka kukaa. Jina la Injinia alipewa na mama mwenyewe, siku ile mjomba alipowaletea kompyuta ya mezani iliyochakaa na binti akaiunganisha na kuiwasha bila kumwuliza mtu.

Shuleni kulikuwa na klabu ya kompyuta, na huko Injinia alijifunza kuandika programu kwa lugha ya Python. Alitaka kumtengenezea mama kitu cha kumsaidia kazini. Alihangaika wiki kadhaa, mwishowe likatokea dirisha dogo kwenye kioo cha kompyuta, lenye visanduku vya kujaza jina la mteja, bega, kifua, kiuno na urefu. Chini yake kulikuwa na kitufe kilichoandikwa "Hifadhi". Ukikibonyeza, vipimo vinaingia kwenye kompyuta na neno "Imehifadhiwa" linatokea kwa rangi ya kijani.

Mama alifurahi kupita kiasi. Alizoea kuandika vipimo kwenye vikaratasi na kuvibana kwa pini kwenye kitambaa, na vikaratasi hivyo vilipotea kana kwamba vina miguu.

"Mjomba wako anakuja Jumamosi," alisema. "Nimemwambia aje aone kompyuta yake inavyofanya kazi ya maana."

Ijumaa mama akaketi kujaribu. Vipimo vya mteja wa kwanza vikaingia. Vya mteja wa pili vikagoma, na maandishi mekundu yakamwagika kwenye kidirisha cha nyuma, yale ambayo Python huyatoa programu inapokwama. Injinia akajaribu mwenyewe kwa namba zake, ikakubali. Mama akajaribu tena, mekundu yakarudi.

Injinia hakuyasoma. Yalikuwa marefu, tena ya Kiingereza, na mjomba alikuwa anakuja kesho yake. Mama alipokwenda kupiga pasi, binti akaongeza mistari miwili kwenye programu. Maana yake ilikuwa hivi: kosa likitokea, pita kimya. Maandishi mekundu yakatoweka. Kuanzia hapo neno "Imehifadhiwa" likawa linatokea kila mara, vipimo viwe vimeingia au havikuingia.

"Nimeshairekebisha, Mama," alisema, na alijua anadanganya.

Mjomba alikuja, akabonyeza kitufe, akapiga makofi. "Dada, huyu mtoto si wa mchezo!" Injinia alitabasamu, lakini macho aliyapeleka kwenye meza ya kukatia.

Wiki iliyofuata akaja muuguzi kijana, na kitambaa cheupe cha sare mkononi. Alikuwa anaanza kazi yake ya kwanza hospitalini Jumatatu inayokuja. Mama akampima, akajaza visanduku, akaona neno la kijani, akatupa kikaratasi. Alipotaka kukata kitambaa akatafuta jina la muuguzi kwenye kompyuta, na jina halikuwamo.

"Sikubonyeza vizuri," mama alisema. "Vidole hivi vimezoea mkasi. Hebu nifundishe tena, mwanangu."

Injinia akamfundisha. Maneno ya kukiri yakamfika mdomoni, akayameza. Muuguzi akaitwa apimwe upya. Mara hii mama alibonyeza kwa kidole kimoja, polepole, na alikaza macho kama anayetunga uzi kwenye sindano. Neno la kijani likatokea. "Umeona? Nimeweza!" akasema kwa furaha, na Injinia akaona aibu hata ya kuitikia.

Jumamosi muuguzi alikuja kuchukua sare yake. Akakuta kitambaa kiko mezani kama alivyokileta. Mama alipotaka kukata usiku wa kuamkia siku hiyo, aligundua vipimo vimepotea tena.

"Fundi, umenichosha," alisema muuguzi. "Mara mbili! Kubonyeza tu kunakushinda, mtu mzima?"

"Nisamehe, dada," mama alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kosa ni langu. Hii mashine sina akili nayo. Nitairudisha kwa mwenyewe."

Muuguzi akaanza kukunja kitambaa akipeleke kwa fundi mwingine. Injinia alimtazama mama yake, aliyekuwa ameinamisha kichwa mbele ya mteja kwa kosa asilolifanya, akahisi machozi yanamlenga.

"Dada, subiri," alisema. "Si Mama. Ni mimi. Programu ilikuwa na kosa, nikalificha ili mjomba asilione. Mama alibonyeza vizuri siku zote."

Muuguzi akamtazama mtoto, kisha akamtazama mama.

"Injinia," mama alisema bila kupaza sauti, "lete utepe wa kupimia na kikaratasi."

Alimpima muuguzi kwa mara ya tatu, akamwahidi sare Jumapili mchana. Muuguzi aliguna, lakini kitambaa alikiacha. Alipotoka, mama akakata kwanza, akashona mshono wa bega, ndipo akavuta kiti mbele ya kompyuta.

"Sasa nionyeshe hayo uliyoyaficha."

Injinia akafuta ile mistari miwili. Mama akajaza vipimo vya muuguzi kama alivyokuwa akivijaza siku zote, akabonyeza. Mekundu yakamwagika. Injinia akausoma mstari wa mwisho kwa kidole, neno kwa neno.

"Inasema imeshindwa kugeuza '35 na nusu' kuwa namba."

"Lakini kifua chake ni thelathini na tano na nusu!"

"Ndiyo, Mama. Mimi nilijaribu kwa namba kamili tu. Kompyuta haijui 'na nusu' ni nini."

Hapo hapo akaanza kurekebisha. Akaifundisha programu kuelewa "na nusu" na "na robo", kisha akalisogeza neno la kijani litokee tu baada ya vipimo kuingia kweli. Likitokea kosa, dirisha lingesema wazi kwamba vipimo havijahifadhiwa, tena kwa Kiswahili. Mama akajaribu, akalitafuta jina la muuguzi, na safari hii akalikuta.

Injinia alidhani mama atacheka. Hakucheka.

"Kukosea sikulaumu," mama alisema. "Mimi nimekosea mikono ya magauni mangapi! Mteja akiniambia inambana, nafumua. Kilichoniuma ni kwamba uliniona najiita mjinga, ukakaa kimya. Kosa likisema, tunalirekebisha. Ukilinyamazisha, hujaliondoa. Umemtwisha mwenzako."

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Lakini wako wengine waliopotea humo, na vikaratasi vyao nilivitupa. Vaa viatu."

Wakatoka wote wawili. Kwenye nyumba ya kwanza mama alisimama nyuma, akamwacha binti apige hodi. Mwenye nyumba akafungua mlango, mikono ina povu la sabuni.

"Shikamoo," Injinia alisema. "Nimekuja kukuomba upimwe tena. Vipimo vyako nilivipoteza mimi. Mama hana kosa."