Jina la Mchumaji

Ua likibanwa siku nne katikati ya magazeti hukauka. Hili lilikuwa bichi, na lilinuka udongo wa kaburi jipya.

Mtunza mimea mikavu wa makumbusho hakushtuka. Tangu mama yake augue, moyo ulikuwa umekufa ganzi. Alifanya kazi tu. Majani: umbo la moyo, yamepishana kwenye shina linalojisokota. Maua: meupe, petali sita. Zikabaki mbegu. Alipasua tunda moja jekundu azihesabu, apate jina la mmea.

Ndani mlikuwa na jino la mtu.

Akapasua jingine. Jino.

Mama yake ndiye aliyeuchuma, ukutani mwa kisima kikuukuu. Bikizee yule mdomo wake haukujua mapumziko, na sasa alilala bubu, baridi ikimpanda kutoka nyayoni, daktari asione ugonjwa. Asubuhi hii ilikuwa imefika kifuani.

Babu Gundi, mbandikaji wa mimea, ndiyo kwanza arudi kazini baada ya mwezi mzima. Aliona meza akarudi nyuma.

"Lebo imeandikwa nani mchumaji?" alinong'ona.

"Mama."

"Lahaula! Mmea huu una mwenyewe, binti yangu. Sisi wa zamani nafasi ya mchumaji tuliiacha wazi. Jini humfuata aliyeandikwa. Hayo meno ni ya waliotangulia kuandikwa."

"Basi nilifute jina."

"Kwetu hakifutwi kitu, unajua. Unakata mstari mmoja, unaandika jina jingine juu yake. Na awe mtu kweli."

Kabatini kitu kikaanza kukwaruza, taratibu, kisha kwa pupa, kikipanda rafu baada ya rafu, na harufu ya udongo ikajaa chumba mchana kweupe hadi Babu Gundi akaziba pua kwa shati, huku mtunza mimea akiichukua kalamu kana kwamba anasahihisha tarehe.

"Usifanye hivyo, mwanangu!"

"Nani kama mama, Babu?"

Akakata jina. Juu yake akaandika lake.

Kukwaruza kukakoma. Simu ikalia, akaipokea.

"Weee! Nyumba hii hakuna hata uji? Na nani kanijazia majani shukani? Nimelala kama gogo, hata jirani hakuja kuniona, watu wa siku hizi bwana!"

Mtunza mimea aliisubiri furaha. Haikuja. Nyayo zake zilikuwa barafu. Akafungua mdomo amjibu.

"Mwanangu? Nakusikia unapumua. Mbona kimya?"