Baridi Iliyofungiwa Shambani

Kila asubuhi Bosibori alifagia uwanja, akakamua ng'ombe wake, kisha akashuka kwenye shamba lake la chai. Siku nyingi jua lilizama kabla hajasema na mtu yeyote, ila ng'ombe. Mumewe, Mokaya, alifariki mwaka uliopita, akazikwa hapo hapo, upande wa juu wa shamba. Binti yao, Atuti, alikuwa shule ya bweni huko Kisii.

Shamba liliteremka mpaka bondeni, upande wa Londiani. Chini kabisa palikuwa na fensi nene ya miti ya saiprasi. Zamani fensi hiyo ilikuwa na njia, na majirani walipita hapo kwenda mtoni. Baada ya mazishi Bosibori aliiziba njia kwa matawi na mabati makuukuu. Pole za kila siku zilikuwa zimemchosha. Tena aliamini anazuia upepo baridi usiingie kwenye miche ya chai.

Januari ile, wakati wa kiangazi, alikuta miche ya chini imekuwa myeusi kama iliyounguzwa na moto. Mistari minane ilikuwa imekufa.

Shemeji yake, Nyamwange, alikuja Jumapili kutoka Kisii. Alitembea kati ya mistari akitikisa kichwa.

"Shemeji, shamba limekushinda. Si aibu. Nitarudi mwezi ujao. Nikikuta mingine imekufa, tunauza, nawe unarudi nyumbani Kisii."

"Na Mokaya nimwachie nani?" Bosibori aliuliza.

Nyamwange aliangalia kaburi, kisha akashika njia ya kurudi.

Kesho yake Bosibori alikata matawi mengine ili aongeze unene wa fensi. Bwana shamba, Alfayo Obiero, alimkuta katika kazi hiyo. Alikuwa Mjaluo mrefu mwenye baiskeli fupi.

"Mama, unamfungia simba hapa?"

"Nafungia nje baridi. Baridi huja na upepo."

"Usiku ule miche ilipoungua, kulikuwa na upepo?"

Bosibori alifikiri. "Hapana. Kulitulia kabisa. Hata wingu halikuwepo."

"Basi upepo hauna hatia," Obiero alisema. "Una karai ngapi?"

Alimwambia aweke maji katika karai tatu zinazolingana. Moja karibu na nyumba, moja katikati ya shamba, moja chini kwenye fensi. Kando ya karai ya chini Obiero mwenyewe aliweka chupa ya soda, akaijaza maji mpaka juu, akaifunga kwa kizibo.

Alfajiri iliyofuata Obiero alirudi, pua yake ikichuruzika kwa baridi. Maji ya karai ya juu yalikuwa maji tu. Karai ya katikati ilikuwa na utando wa barafu. Bosibori aliugusa kwa kidole, ukavunjika. Ile ya chini alilazimika kuigonga kwa mpini wa jembe, mara mbili. Barafu yake ilikuwa ngumu kama kioo cha dirisha. Na chupa ilikuwa imepasuka.

"Nani ameivunja?" aliuliza.

"Maji. Maji yakipoa sana huganda, na yakiganda hupanuka. Yanataka nafasi kubwa kuliko mwanzo. Chupa haina nafasi, kwa hiyo inapasuka. Sasa, ndani ya jani la chai kuna nini?"

Bosibori alilitazama jani jeusi. "Maji," alisema polepole.

"Ndiyo hayo. Barafu ililipasua jani kutoka ndani. Hiyo ndiyo sakitu, baridi ya usiku inayogandisha."

Jua lilipanda. Walikaa wakiiangalia barafu ya chini. Kwanza iling'aa, kisha ikalainika pembeni, ikaelea juu ya maji, ikapungua. Walipoigusa tena, ilivunjika bila jembe. Barafu ni ile ile, Obiero alieleza, lakini ugumu wake hufuata baridi. Ikipashwa joto kidogo tu, hulegea.

"Lakini mbona chini tu?"

"Hewa baridi ni nzito, Mama. Usiku huteremka kilimani kama maji ya mvua. Ikipata njia, inaenda zake mtoni. Ikikuta ukuta, inajaa. Fensi yako imekuwa bwawa, na miche imezama humo."

Bosibori aliitazama fensi. Alikuwa ameiziba njia ile kwa mikono yake.

"Nikiifungua, watu watapita," alisema.

"Watapita," Obiero alikubali.

Mchana huo Bosibori alishika panga. Alipotoa bati la kwanza, sauti ilitoka upande wa pili. Ilikuwa ya Chepkosgei, mama mzee aliyeishi karibu na mto.

"Mama Atuti! Mimi nilisema huyu amehama, ameacha ng'ombe ajikamue."

"Nipo, Mama."

"Ulifunga kama benki. Sogea, panga lako ni butu."

Walikata mpaka jioni. Chepkosgei hakusema pole hata mara moja. Walitoa mabati yote, wakang'oa miti sita, na matawi ya chini ya ile iliyobaki wakayapunguza.

Usiku wa baridi ulirudi mara nyingi mwezi ule. Kila alfajiri Bosibori alishuka kupima karai ya chini kwa kidole. Siku mbili ilikuwa na utando mwembamba. Siku nyingine ilikuwa maji matupu. Hakuna mche mwingine uliokufa.

Nyamwange alifika kama alivyoahidi. Aligeuza jani moja baada ya jingine akitafuta weusi, asiuone.

"Umefanya dawa gani?"

"Nimeifungulia baridi njia, ikatoka."

Alimwonyesha karai, akamweleza yote. Nyamwange alisikiliza, mikono nyuma.

"Ile mistari minane?"

"Nitapanda upya mvua ikianza."

"Basi kaa, Shemeji," alisema. "Nitamleta Atuti likizo, akusaidie kupanda."

Alipoondoka, kimya kilirudi shambani. Bosibori alipika chai ya watu wawili, akakaa mlangoni kungoja. Ilimbidi kuipasha moto mara mbili kabla Chepkosgei hajatokea bondeni, akipanda polepole na kibuyu chake cha maziwa.