Tabo Mpya na Macho ya Bibi Ruthu

Kila Jumanne na kila Ijumaa, kabla jua halijachomoza juu ya vilima vya Kibakwe, Edina alikuwa ameshafunga magunia ya vitunguu. Mumewe, Raphael, aliyapakia kwenye pikapu na kuyapeleka sokoni Mpwapwa. Mama mkwe wa Edina, Bibi Ruthu, aliketi kizingitini na kusikiliza.

"Leo ni magunia tisa," Bibi Ruthu alisema.

"Umejuaje, mama?" Edina aliuliza.

"Kila gunia likitua, gari linalia. Limelia mara tisa."

Bibi Ruthu alijua mambo mengi kwa masikio, kwa sababu macho yake hayakuona. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Alitofautisha mwanga na giza tu.

Raphael alikuwa mfanyakazi wa serikali kwa miaka kumi na saba. Kisha wafanyakazi wengi walipunguzwa, naye akawa mmoja wao. Kwa kiinua mgongo chake alinunua pikapu ya dizeli, mtumba kutoka ng'ambo. Miaka hiyo milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na magari ya namna hiyo yaliingia nchini kwa wingi.

Madereva wa njia ya Kibakwe walikuwa na desturi moja. Gari likimaliza kupanda mlima, dereva alizima injini papo hapo. Aliweka gia huru, akaliacha gari lishuke lenyewe mpaka bondeni. Jambo hilo waliliita "kula mteremko". Aliyefika Mpwapwa na dizeli nyingi kwenye tangi ndiye aliyesifiwa kuwa dereva. Raphael naye alikula mteremko kama wenzake.

Lakini pikapu ya Raphael haikuwa kama magari ya zamani. Injini yake ilikuwa na tabo. Tabo ni kifaa chenye umbo la konokono, kinachosukuma hewa nyingi ndani ya injini ili gari lipate nguvu. Baada ya miezi minane, tabo hiyo ilianza kupiga mluzi. Kisha gari likatoa moshi wa rangi ya buluu. Mwishowe halikuweza kupanda mlima hata likiwa tupu.

Wiki hiyohiyo lilitoka tangazo kanisani. Madaktari wa macho wangefika katika hospitali ya wilaya, Mpwapwa, kwa siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa. Wangewapasua wenye mtoto wa jicho.

Bibi Ruthu aliposikia, aliuliza jambo moja tu. "Harusi ya Debora ni lini?"

Debora alikuwa mjukuu wake wa kwanza, binti wa Raphael na Edina. Alikuwa amechumbiwa na kijana mfanyakazi wa reli, na baada ya harusi angehamia Kigoma.

"Ni mwezi ujao, mama," Edina alimjibu.

"Basi nitamwona akiwa bibi harusi. Nilimwona mara ya mwisho akiwa na mapengo mawili, hapa mbele."

"Bibi, mapengo yalishaota meno," Debora alisema akicheka.

"Nitaamini nikiyaona."

Raphael alisafiri siku ya Jumatatu kwenda Dodoma kutafuta tabo nyingine. Aliipata kwa fundi aliyeitwa Mustapha, mwenye karakana karibu na stendi. Mustapha alimwomba alilete gari ili amfungie yeye mwenyewe. Raphael alikataa. Tangu aliponunua pikapu, ilikuwa ikitengenezwa na Fundi Marko, jirani yake na rafiki yake wa utotoni. Kumpita Marko kungekuwa kama kukitangazia kijiji kizima kwamba hafai.

"Haya," Mustapha alisema. "Lakini mpe karatasi hii. Ayafuate yote, asiruke hata moja."

Alimwandikia mambo saba kwa kalamu ya wino, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa.

Raphael alirejea Jumatano jioni. Aliiweka karatasi mezani, akaenda kuoga. Edina aliichukua. Alikuwa mwaka wa pili katika darasa la watu wazima, na tangu ajue kusoma hakuiacha karatasi yoyote impite. Hata karatasi iliyofungia sukari aliisoma. Aliisoma hii polepole, mara mbili, kidole kikifuata kila neno. Mambo mengine hakuyaelewa. Mengine aliyaelewa vizuri kabisa.

Alhamisi asubuhi Fundi Marko alikuja na mfuko wake wa spana. Alikuwa hodari wa injini za zamani, na mikono yake ilikwenda haraka. Edina alisimama kando, karatasi ikiwa mkononi.

Aliona Marko akilifunga bomba la oili lilelile la zamani, lililojaa masizi. Aliona oili nyeusi ya injini ikiachwa ileile. Aliona Marko akipaka gundi nyingi ya gasketi kwenye tundu la kupitishia oili, mpaka ikafura pembeni. Karatasi ilikataza gundi mahali hapo. Ilisema pia kwamba, kabla injini haijawashwa, tabo imiminiwe oili safi.

"Baba Debora," Edina alianza, "hapa imeandikwa kwamba..."

Marko aliinua uso, akatabasamu. "Shemeji, siku hizi kisomo kinafundisha na ufundi? Mwezi ujao utanipa mtihani."

Raphael alicheka. "Mwache fundi afanye kazi yake, Mama Debora. Kesho tuna safari."

"Mimi nilifungua injini huyo Mustapha akiwa bado ananyonya," Marko aliongeza.

Wote wawili walicheka tena, na hawakucheka kwa ubaya. Edina aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye kitambaa alichojifunga kiunoni. Alikwenda jikoni kupika chai ya fundi. Nyuma yake injini iliwashwa na kukanyagiwa mafuta kwa nguvu mara tatu. Marko alitaka kusikia mlio wake.

Ijumaa waliondoka alfajiri. Bibi Ruthu aliketi mbele, kati ya mwanawe na mkwewe, akiwa amevaa gauni lake la kanisani. Pikapu ilipanda mlima wa kwanza bila shida.

"Mnaona?" Raphael alisema. "Marko ni Marko."

Juu ya mlima alizima injini, akala mteremko. Edina aliishika karatasi kupitia kitambaa. Jambo la sita lilisema: baada ya mlima, usizime injini. Alifungua kinywa, akakifunga.

Bondeni Raphael aliwasha tena, wakaanza kupanda mlima wa pili. Hawakufika hata nusu. Ulisikika mlio mkali, kama chuma kinachokwaruzwa kwa chuma. Moshi wa buluu ulitanda nyuma yao, na nguvu zote zikaisha. Raphael alisimamisha gari na kufungua boneti. Oili ilikuwa inatiririka ubavuni mwa injini.

"Tumefika?" Bibi Ruthu aliuliza.

"Bado, mama," Edina alijibu.

Walikaa kando ya barabara saa baada ya saa. Lori la mahindi lililowachukua lilipita saa nane mchana, nalo lilikwenda polepole. Walipofika hospitalini, jua lilikuwa linaelekea kuzama. Madaktari walikuwa wameshafunga vifaa vyao kwenye masanduku, na gari lao lilikuwa limewashwa.

Muuguzi mmoja alimshika Bibi Ruthu mkono na kumketisha kwenye benchi. "Pole sana, bibi," alisema. "Wanaondoka sasa hivi. Watarudi mwakani, wakijaliwa."

Raphael aligeukia ukuta, akabaki hivyo. Bibi Ruthu ndiye aliyezungumza.

"Msinung'unike. Debora nitamwona kwa mikono."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya harusi, kabla ya kwenda kanisani, Debora alipiga magoti mbele ya bibi yake. Bibi Ruthu aliupapasa uso wake, paji, mashavu na meno. "Kweli yameota," alisema. Watu walicheka. Edina alitoka nje, akasingizia kwenda kutazama sufuria za pilau. Siku ya tatu Debora alipanda treni kwenda Kigoma na mumewe.

Pikapu ilivutwa hadi nyumbani, ikakaa uani bila kazi. Raphael alipopata uwezo wa kununua tabo nyingine, alijiandaa kwenda tena Dodoma.

"Nakwenda nawe," Edina alisema.

Raphael alimtazama, asibishe. Akampitia na Marko pia.

Fundi Mustapha aliifungua mbele yao ile tabo iliyokufa, waliyokuja nayo, juu ya gazeti kuukuu. Alitoa mhimili mwembamba, mweusi kama kaa.

"Mnauona huu?" alisema. "Unazunguka mara maelfu mengi kwa dakika moja. Unaelea ndani ya utando mwembamba wa oili. Oili ikikosekana, hata kwa muda mfupi, chuma kinakula chuma."

Kisha alichokonoa tundu la kupitishia oili kwa sindano. Kikatoka kipande cha gundi iliyokauka.

"Na hii ndiyo iliyoziba njia. Nani aliifunga?"

Marko alijikuna shingo. "Ni mimi," alisema. "Injini zetu za zamani tunazipaka gundi, na hazivuji."

"Kweli kaka, hazivuji. Lakini hapa gundi inamong'onyoka, inakwenda na oili, inaziba. Sikulaumu. Magari haya yamekuja mbio kuliko maarifa yake. Na ile ya kwanza ilikufaje?"

Raphael alieleza jinsi walivyokula mteremko. Mustapha alitikisa kichwa.

"Ukifika juu ya mlima, tabo ni nyekundu kwa moto. Ukizima injini, pampu ya oili inasimama. Mhimili bado unazunguka, na oili iliyobaki inaungua na kuwa masizi. Tena unashuka breki zikiwa hazina nguvu kamili. Dizeli unayookoa ni kikombe. Unachopoteza mmekiona wenyewe."

Edina aliifungua karatasi yake. Mikunjo ilikuwa imeanza kuchanika.

"Fundi, hapa umeandika tutafute kwanza kilichoua tabo ya zamani. Kwa nini?"

Mustapha alimgeukia. "Swali zuri, mama. Kwa sababu tabo mpya ikifungwa juu ya ugonjwa wa zamani, itakufa kwa ugonjwa huohuo. Karatasi hii ulikuwa nayo muda wote?"

"Ndiyo."

Raphael aliinamisha macho. Edina naye aliinamisha ya kwake.

Jumamosi iliyofuata Mustapha alifika Kibakwe kwa basi, akiwa na tabo kwenye sanduku. Safari hii Edina alisoma kwa sauti, na Marko akafunga.

Walimwaga oili ya zamani, wakabadilisha chujio lake. Wakafunga bomba jipya la oili. Wakasafisha mabomba ya hewa, kisipite hata kipande kimoja cha chuma cha ile tabo iliyokufa. Wakaweka chujio jipya la hewa, kwa maana vumbi la nchi yetu halina huruma. Walitumia gasketi yenyewe, bila gundi. Kisha Marko akamimina oili safi ndani ya tabo, akauzungusha mhimili kwa kidole mpaka ukazunguka kwa wepesi.

"Shemeji, hebu soma tena hiyo ya tano," alisema.

"Piga stata kidogo kidogo bila kuruhusu injini iwake, mpaka oili ifike kwenye tabo. Kisha washa, uiache ingurume polepole dakika chache. Usikanyage mafuta."

"Na mimi nilikanyaga mara tatu," Marko alisema taratibu. Alifuta mikono kwa kitambaa. "Nisamehe, shemeji. Ule mtihani nimeshindwa."

Tangu siku hiyo Raphael hakula mteremko tena. Alishuka milima injini ikiwa inawaka, gari likiwa ndani ya gia. Kila alipowasha, alisubiri dakika moja kabla ya kuondoka. Kila alipofika, alisubiri dakika tatu kabla ya kuzima. Oili aliibadilisha kwa wakati, nayo ilikuwa oili ya dukani iliyofungwa, si ile ya kupimiwa kwenye chupa. Madereva wenzake walimcheka, kisha wakaanza kumuuliza, na Marko akawa mwalimu wao. Pikapu ilimaliza mwaka bila mluzi na bila moshi.

Mwaka uliofuata madaktari wa macho walirudi. Bibi Ruthu alifikishwa hospitalini siku ya kwanza, saa mbili asubuhi. Walimpasua jicho moja, kisha jingine. Aliporudi nyumbani alitembea uani peke yake, akigusa magunia na kuyahesabu kwa macho.

Jioni moja Edina alimletea picha ya harusi. Bibi Ruthu aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mlango palipokuwa na mwanga.

"Ndiye huyu," alisema. "Ana paji la baba yake." Alitazama muda mrefu. "Na kizee huyu aliyeketi pembeni ni nani? Wa upande wa bwana harusi?"

"Ni wewe, mama."

Bibi Ruthu aliisogeza picha karibu zaidi na macho. "Mbona hamkuniambia kwamba nimezeeka hivi?"

Nje, pikapu iliingia uani kutoka sokoni. Ilisimama, lakini injini iliendelea kunguruma polepole.

"Mbona hazimi?" Bibi Ruthu aliuliza.

"Anasubiri tabo ipoe, mama."

"Aha. Mwaka jana hakujua kusubiri. Si kosa lake, hakujua."

Edina alishika ukingo wa meza. Maneno hayo alikuwa ameyabeba kwa muda mrefu.

"Mimi nilijua, mama. Nilikuwa nimeisoma karatasi yote. Walicheka, nikanyamaza."

Injini ilizimwa. Bibi Ruthu aliitazama tena picha, akapitisha kidole juu ya uso wa mjukuu wake aliyekuwa Kigoma. Kisha akainua macho yake mapya, akamtazama mkwewe usoni.

"Siku nyingine," alisema, "usome kwa sauti."