Waziri na Katibu Wasichinjwe

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Limi aliwafungulia zizi Waziri na Katibu. Hao walikuwa maksai wawili wa bibi yake, wa kukokota plau. Waziri alikuwa mnene na mvivu. Katibu, mwembamba, ndiye aliyefanya kazi yote. Bibi Mageni alisema majina yao hayakuja bure.

Limi alikuwa darasa la sita, akiishi na bibi yake kijijini Kagongwa. Baba yake, Masele, alikuwa mchimbaji huko Nyarugusu, na alikuwa amejenga nyumba Kalangalala, mjini Geita, alikoishi na mama yake Limi.

Siku hizo Bibi alikuwa na uvimbe shingoni. Daktari alipanga kumfanyia upasuaji Jumanne. Basi Alhamisi jioni, wakichambua mchele, Bibi alisema, "Ng'wanawane, mtoto wangu, chukua daftari uandike. Mimi kalamu inanikimbia."

"Niandike nini, Bibi?"

"Mambo matatu. La kwanza, nikifa nizikwe hapa, kando ya babu yako. La pili, kadi yangu ya kikundi cha kufa na kuzikana iko ndani ya debe la karanga. Wakipelekewa, wataleta sanda, jeneza na chakula cha waombolezaji. La tatu, Waziri na Katibu wasichinjwe."

Limi aliandika yote matatu. Baadaye, akiwa peke yake jikoni, aliutazama ule ukurasa. Neno "nikifa" lilikuwa linamkodolea macho. Akaona kama yeye ndiye aliyekiita kifo kwa mwandiko wake. Akachana ukurasa, akautia motoni chini ya sufuria ya maharage.

"Umemaliza?" Bibi aliuliza kutoka nje.

"Nimemaliza, Bibi."

Usiku ule Limi aliyaacha maharage sahanini.

Jumamosi Baba alifika ili ampeleke mama yake hospitali. Bibi hakupoteza muda. "Masele, kabla ya Jumanne kuna maneno nataka tuzungumze. Siku nikiondoka..."

"Mayu, mama!" Baba alimkatiza mama yake. "Uchuro huo! Wewe bado kijana. Hivi, mvua huku zimeshaanza?"

Bibi akajaribu tena wakati wa chakula. Baba akasifu mboga. Akajaribu wakati wa chai. Baba akatoka kwenda kumtazama Katibu kwato, kana kwamba ng'ombe huyo amemwita.

Jumapili asubuhi Bibi alimwambia Limi, "Nenda mashine ya mpunga, kamwite mtani wangu."

Mtani huyo alikuwa Mzee Akida, Mzigua mfanyabiashara wa mchele. Yeye na Bibi walitukanana kila walipokutana, na hakuna aliyewahi kukasirika. Ndivyo ulivyo utani wa Wazigua na Wasukuma: mtani husema kwenye msiba maneno ambayo mtoto wa marehemu hawezi kuyasema.

Mzee Akida aliingia bila hodi. Akavua kofia, akalala chali katikati ya mkeka, akajifunika khanga ya Bibi mpaka kidevuni.

"Shikamoo, mzee," Baba alisema kwa mshangao.

"Maiti haiamkiwi! Mimi ni Mageni, nimekufa. Haya, mnanizika wapi?"

Bibi alicheka mpaka akashika shingo. Baba naye, pamoja na kujikaza, mdomo ukamcheza. "Kalangalala, kwangu. Nyumba nzuri, ya bati."

Maiti ikaketi. "Kalangalala! Nani ananijua huko? Mume wangu amelala hapa miaka kumi na miwili ananisubiri, wewe unanipeleka mjini? Na mnachinja nini?"

"Waziri na Katibu," Baba alijibu, sasa bila kucheka. "Mama yangu hawezi kuzikwa kwa maharage. Watu watanicheka."

Limi aligeuka kumtazama Bibi.

"Umesikia, Masele?" Bibi alisema taratibu. "Hivyo ndivyo ungefanya, na mimi nisingekuwepo wa kukuzuia. Mwigulu, jirani yetu, alichinja maksai wake wote kwenye msiba wa baba yake. Tulikula, tukafuta midomo, tukaenda kwetu. Mvua ziliponyesha alilima kwa jembe la mkono, na watoto wake walishinda na njaa. Mimi nimeshasema ninachotaka. Limi, lete daftari."

Limi hakusogea. Machozi yalimtangulia kabla ya maneno.

"Nilichoma, Bibi. Niliogopa kwamba nikiandika utakufa kweli. Halafu nikakuambia nimemaliza. Nilikudanganya."

Mzee Akida alijifunua khanga, akaikunja.

Baba alimvuta Limi karibu naye. "Mimi nitakugombezaje? Wewe umechoma karatasi, mimi nimeziba masikio. Woga wetu ni mmoja. Unakumbuka aliyokuambia?"

Limi alifuta machozi, akayataja yote matatu bila kukosea. Baba alichukua kalamu akayaandika mwenyewe, polepole, kwa mkono uliozoea sururu kuliko kalamu. Alipofika kwa maksai alisita kidogo, kisha akaandika. Mzee Akida akatia sahihi kama shahidi, akadai alipwe wali.

Jumanne Bibi alipasuliwa. Wiki iliyofuata alirudi na bandeji shingoni, na mvua za kwanza zikawa zimeshanyesha. Baba alichelewa kurudi Nyarugusu kwa ajili ya kulima. Limi alitangulia mbele akiwaongoza maksai, na Bibi aliketi kwenye kigoda pembeni ya shamba akitoa amri kwa sauti iliyokwaruza.

Mzee Akida akapita na baiskeli yake. "Mageni! Bado hujafa?"

"Nakusubiri utangulie unishikie nafasi!"

Limi alicheka, akamwachia Baba maksai kidogo, akaja kuketi karibu na bibi yake. "Bibi, tuliandika yote, na hukufa."

"Kifo hakisomi daftari, ng'wanawane," Bibi alisema. "Kingekuja hata kama tungenyamaza. Yale maneno ni yenu ninyi mtakaobaki, ili siku hiyo mlie tu, msigombane. Na siku nyingine ukiogopa, niambie unaogopa. Usiniambie umemaliza."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, nenda. Waziri amesimama tena, anamwachia Katibu kazi."