Chipu Zilizokataa Namba

Redio ilikohoa mara mbili.

"Kware, pamba ivunwe kabla ya saa kumi. Ikilala shambani, basi tena."

"Nimepokea," Nyamizi akajibu. Akazima.

Kware lilikuwa jina lake la hewani; mengine hakuhitaji kufafanuliwa. Alasiri hiyo ndege ya magendo ingeruka kutoka pori moja kati ya Geita na Chato, imejaa dhahabu. Kulikuwa na redio iliyokuwa ikiiongoza. Aipate, au ndege iende.

Shinyanga, Agosti 1986. Saa nane mchana, ndani ya stoo ya pamba isiyo na pamba.

Mezani palikuwa na kitafuta-redio, kifaa ambacho sindano yake huonyesha adui anatangaza kutoka upande gani. Kilikuwa kimekufa. Ubongo wake ni chipu moja, 8748, mdudu mweusi mwenye miguu arobaini, na mdudu huyo huandikwa namba kwa bodi maalum. Bodi ilikuwa na wazimu. Leo inaandika sawasawa, kesho inaandika takataka.

Mara mbili imeandika takataka.

Mara mbili ndege imekwenda zake.

Theonest, fundi wa bodi, kijana wa Chato, alikuwa amefungwa pingu kwenye mguu wa meza.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umebadilisha nini?"

"Kila ninachoruhusiwa kugusa. Dada, sijaihujumu mimi!"

"Sijakuuliza hilo."

Mlangoni alisimama Maganga, mkuu wa operesheni, kitambi kimesukuma vifungo vya suti yake ya Kaunda. "Ndugu Nyamizi, unapoteza muda. Huyu kala hela za wazungu. Saa kumi anakwenda kizuizini."

Kizuizini. Waliopelekwa huko kwa neno la mtu mwenye gari la serikali tunawakumbuka. Wengine hata viatu vyao havikurudi nyumbani. Na dhahabu ile Wajerumani waliichungulia, Waingereza wakaichota, na tulipojitawala tukaambiwa tukaze mikanda. Tukakaza. Matumbo yaliyoachwa yakue tunayajua ni ya nani.

Nyamizi hakuwa na hasira. Hasira zilimwisha siku nyingi. Alivua koti, akaweka bastola yake ya Browning kando ya mashine ya kulehemu.

Jambo moja kwa wakati. Maganga naye akawa anakwenda garini na kurudi.

Akaiondoa bodi kwenye jenereta, akaiunga kwenye betri ya lori. Ikaandika takataka.

Akasugua soketi kwa spiriti na mswaki. Chipu ya kwanza ikatoka safi. Ya pili, takataka.

Akalehemu kapasita mpya. Avo, mita ya kupimia umeme, ikaonyesha volti ishirini na tano, zimetulia tuli kama maji ya mtungi.

"Humu mnanipika," Maganga akanung'unika. "Napumzika garini. Mkishindwa niiteni, nije na askari."

Akatoka.

Nyamizi akachomoa nyaya za mita, akaziacha zining'inie. Dakika chache zikapita.

Mshale ukaruka.

Mita haikuwa imegusa kitu.

Aliutazama ukiruka tena, ukitulia, ukiruka, kama mtu anayeongea na kunyamaza.

"Bodi haiumwi," akasema.

"Si ndivyo ninavyosema tangu Jumatatu!"

"Kuna redio hewani. Kubwa, na iko karibu. Ikitangaza, namba zinavurugika. Ikinyamaza, bodi inapona. Ile sufuria ya walinzi iko wapi?"

Theonest akakodoa macho. "Dada, tunakufa hapa, wewe unataka kupika?"

Aliiweka bodi juu ya bati, akaliunga bati na nondo iliyochimbiwa ardhini. Akaandika namba, akabonyeza kitufe, akaifunika bodi yote kwa sufuria, mawimbi ya redio yasipenye.

Wakangoja.

Akafunua. Taa ya kijani.

"Imeshika!" Theonest akapiga kelele. "Mayu wane, mama yangu, imeshika!"

Nyamizi akapachika chipu kwenye kitafuta-redio, akawasha. Sindano ilipaswa kwenda kaskazini-magharibi, kuliko na Geita.

Ilizunguka. Ikaelekea uani.

Uani palikuwa na Land Rover moja tu. Vioo juu, injini inanguruma, jua kali namna ile.

Akachukua Browning.

Akafungua mlango wa gari. Maganga alikuwa na kipaza sauti mdomoni. Nyuma ya kiti, chini ya blanketi, redio ya kijeshi. Ndani yake sauti yenye lafudhi ya kizungu ikauliza, "Njia safi, mzee?"

Mtutu wa bastola ukamgusa sikio.

"Mwambie atue Samuye kwanza. Kuna mzigo mwingine."

Maganga akapauka. Kikosi cha askari wa operesheni kilikuwa kimepiga kambi Samuye wiki nzima, kikisubiri kuambiwa pa kwenda. "Nyamizi, mimi na wewe tumetoka mbali. Tukae tuzungumze..."

"Mwambie."

Akamwambia. Sauti haikutetemeka hata kidogo. Alishazoea kudanganya kwenye vipaza sauti vikubwa kuliko hicho.

Kabla ya saa kumi redio ikakohoa.

"Pamba yote iko ghalani. Rubani tunaye."

"Nimepokea."

Askari aliyemfuata Maganga alimpigia saluti kwanza, ndipo akamfunga pingu.

Ndani ya stoo, Nyamizi akafungua pingu za Theonest. Kijana akasugua kifundo cha mkono.

"Dada, ulijua si mimi?"

"Hapana."

"Na kama sindano ingeelekea kwangu?"

"Ungekwenda."

Theonest akamtazama akivaa koti, akivaa miwani yake ya jua, akichomeka bastola kiunoni.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Akatoka, akapita ubavuni mwa Land Rover bila kugeuza shingo, akashika barabara ya stendi.