Samaki Tisa wa Baba

Asubuhi ile ukumbi wa kliniki ya macho ulikuwa umefurika. Wagonjwa walikaa bega kwa bega, wengine wamezibwa jicho moja kwa pamba, na mstari wa mapokezi ulifika mpaka mlangoni. Fundi wa matangi ya samaki aliingia na viatu vyake vya mpira, ndoo mbili mkononi na bomba la kunyonyea maji shingoni. Akapita pembeni ya mstari kama mwenye nyumba. Msichana wa mapokezi, aliyevaa gauni la kijivu na sweta jeusi lililofungwa vifungo hadi kooni, alimsimamisha bila kuinua kichwa, akamwambia achukue namba kama wenzake.

"Siumwi macho, dada. Nimekuja kwa samaki."

"Basi samaki watakusubiri. Wewe ni wa arobaini na moja."

Wagonjwa walicheka, naye akakaa na ndoo zake katikati ya miguu mpaka namba yake ikafika. Alipofika dirishani aliulizwa jina la mgonjwa, akajibu kwamba wagonjwa wake ni sita na wote hawana majina. Ndipo msichana alipoinua uso na kumtazama vizuri. Alicheka hadi akaziba mdomo kwa faili.

Tangu siku hiyo tangi la kliniki, ambalo lilikuwa likisafishwa mara moja kwa mwezi, likawa linakaguliwa kila wiki. Fundi alimwandika msichana kwenye simu kwa jina la Mapokezi. Msichana naye alimwita fundi Arobaini. Walipigiana simu asubuhi kabla ya kazi na mchana wakati wa kula, wakataniana, na kabla mwaka haujageuka kila mmoja alijua kwamba hapo si utani tena.

Mapokezi alikuwa akiishi na wazazi wake. Baba yake alikuwa dereva wa malori aliyezoea kulala njiani siku nyingi kuliko nyumbani, mpaka kiharusi kilipompiga upande wa kulia na kuondoka na ulimi wake. Sasa alilala siku nzima akitazama tangi la samaki ambalo madereva wenzake walimletea. Ndani yake walikuwamo samaki tisa, wengi kidogo kwa tangi lile, na aliwafuata kwa macho mmoja mmoja. Mama alikuwa akisema kwamba mume wake hakuwahi kutulia mahali pamoja mpaka alipopata wale samaki. Arobaini akajitolea kuwahudumia kila Jumamosi. Safari ya pili tu, mama alikuwa ameshaanza kumwita mwanangu.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, alichomoa plagi ya pampu na hita kama inavyotakiwa kabla ya kupunguza maji. Alinyonya uchafu wa chini, akasuuza sponji la chujio ndani ya ndoo, akajaza maji mapya yaliyokwisha tiwa dawa. Kilichobaki kilikuwa kurudisha plagi na kusubiri aone mapovu. Hapo simu ikalia.

"Uko wapi, Arobaini?"

"Chumbani kwa mzee. Kuna nini, mpenzi?"

"Kaa chini kwanza. Mama ameniuliza jana unasubiri nini kuwaleta wazee wako."

Hakukaa. Alitoka na simu sikioni mpaka uani, akamwuliza mara tatu kama ni kweli, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Aliporudi alikusanya ndoo zake huku mkono mmoja umeshika simu, akamuaga mzee, akaenda zake kumtafuta baba yake mdogo ampe habari. Plagi ilibaki imelala sakafuni.

Mchana wote mzee alilia kwa ile sauti yake isiyo na maneno, akinyoosha mkono mzima kuelekea ukutani. Mama alimbadilisha shuka mara mbili, akampa maji, akafungua dirisha, akafunga. Jumapili asubuhi samaki wote tisa walikuwa wakielea juu ya maji.

Mapokezi alimpigia simu. Hakumlaumu, alimwuliza tu kwa upole kitu gani kingeweza kuwa kimetokea. Kabla hajamaliza swali, Arobaini aliiona ile plagi mbele ya macho yake kama vile ameishika. Aliwafikiria wazazi wake waliokwisha anza kujiandaa, akafikiria mama wa watu, na mdomo ukatangulia.

"Huenda kuna mtu aliichomoa plagi. Uliza hapo nyumbani."

Mama hakusubiri kuulizwa mara mbili. Alikumbuka kwamba Jumamosi alichaji simu yake kwenye soketi ya ukuta ule, akasema ni yeye, hakuna mwingine, ni yeye aliyeua samaki wa mume wake.

Kuanzia hapo nyumba ikaingia ubaridi. Mzee aligeuza uso upande wa pili na kukataa kutazama lile tangi tupu. Kila mama alipoingia, aliunyoosha mkono kuelekea kwenye soketi, naye mama aliona anasutwa. Alimwomba msamaha asubuhi na jioni. Mkono ukanyooshwa vile vile. Mwishowe akawa anamlisha haraka haraka na kwenda kukaa jikoni peke yake, mlango umefungwa.

Mapokezi alimsimulia Arobaini haya yote kwenye simu, naye akawa anajibu kwa mkato. Akaacha kufika pale nyumbani. Safari ya wazazi wake akaiahirisha mara ya kwanza, akaiahirisha tena. Wiki ya tano Mapokezi alimfuata kwenye karakana yake, akasimama kati ya matangi matupu na sweta lake limelowa mvua.

"Kama umepata mwingine, niambie nijue," alisema. "Nyumbani kwetu kuna mtu mmoja asiyeweza kusema. Siwezi kuwa na wawili."

Alimwapia kwamba hakuna mwingine, naye hakuamini. Mapokezi aliposimulia kwamba mama ameanza kukataa chakula, Arobaini akavua aproni na kusema, twende.

Walimkuta mzee ameelekea ukuta wa pili, ameupa mgongo ule wa tangi. Arobaini alimwita mama kutoka jikoni, akapiga magoti kando ya kitanda mbele yao wote.

"Mama, si wewe. Mimi ndiye niliyezima nikasahau kuwasha. Nilijua tangu Jumapili ile, nikanyamaza."

Mzee alikigeuza kichwa taratibu. Akamtazama fundi kwa muda mrefu, akaunyoosha mkono kwenye soketi, kisha akamwonyesha yeye kwa kidole. Machozi yakamtoka upande mmoja. Alikuwa ameona kila kitu, na wiki tano zote alikuwa akijaribu kumtetea mke wake.

Mama alikaa kitandani, akaushika ule mkono, akaulaza mapajani mwake. Hakumtukana mtu. Alimwambia Arobaini ainuke, sakafu ni ya baridi.

Mapokezi alimsindikiza hadi nje.

"Samaki ningekusamehe hujamaliza hata kusema," alimwambia. "Kusahau, nani hasahau? Lakini ulimsikia mama yangu anazama kila siku, na ulikuwa na neno moja tu la kumtoa."

Arobaini alimwomba wavumiliane. Akasema aliogopa kumpoteza. Mapokezi alisema anampenda, na kwamba hilo ndilo linalomuumiza, kwa sababu kila Arobaini atakapomwambia jambo, yeye atajiuliza kama ni kweli. Akamwomba asimpigie tena. Akaingia ndani.

Miezi miwili baadaye ujumbe wa Mapokezi uliingia kwenye simu yake: baba amepumzika alfajiri, mama alikuwa amelala pembeni yake. Arobaini alikwenda mazikoni na wazee wake wawili, akasimama kwenye mstari wa kutoa pole. Mama alimkumbatia. Mapokezi alimpa mkono, akamshukuru kwa kufika, mkono wake ukakawia kidogo ndani ya wake. Kisha akauvuta, akamgeukia aliyefuata.