Panda, Utafika

Jioni ile nilitoka kujaribu springi, basi. Sikutoka kutafuta maneno na mtu, aliye hai wala asiye hai.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza biashara ya kuuza tuktuk, zile pikipiki za magurudumu matatu, kwenye duka dogo lililobanwa kati ya fundi viatu na muuza magodoro. Zilikuja vipande vipande ndani ya makasha ya mbao. Fundi wangu, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliziunganisha uani, kisha tukazijaribu barabarani kabla ya kuzipanga mbele ya duka. Na tuktuk haijaribiwi tupu. Ukiiendesha tupu utaisifia bure. Mpaka kiti cha nyuma kipate uzito, ndipo springi na breki zinaposema ukweli. Kwa hiyo siku zote fundi alijitandaza nyuma kama bwana harusi, mimi nikaendesha, yeye akatega sikio.

Siku hiyo fundi aliwahi kuondoka, mkewe alikuwa anaumwa. Akikosekana tulikuwa tunapakia gunia la mchanga, lakini muuza magodoro alikuwa ameliazima kuzuia mlango wake, na kwake kuazima ni kupewa. Mteja wa tuktuk ya bluu alikuwa anakuja asubuhi. Nikaona heri niijaribu hivyo hivyo kuliko kukaa bure.

Nikaisukuma nje. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya maghorofa, na barabara yetu ilikuwa imejaa foleni kama kawaida yake, magari pua kwa mkia, honi juu ya honi. Nikakaa, nikageuka kutazama kiti cha nyuma. Bado kilikuwa na nailoni yake ya kiwandani. Kitupu.

Tangu nifiwe na mke wangu nilikuwa nimezoea kuongea peke yangu. Naongea na birika, naongea na viatu. Basi nikasema, kwa utani tu:

"Haya, yeyote aliye karibu, panda. Utafika."

Ndivyo bango la duka langu lilivyoandikwa. PANDA, UTAFIKA. Nililipaka rangi kwa mkono wangu, herufi nyekundu, na muuza magodoro alilisoma akacheka, akaniuliza kama nauza tuktuk au nafungua dini.

Nailoni ikalia.

Krr… krr…

Tuktuk ikashuka nyuma. Kidogo tu, kama anavyopanda mtu mwembamba.

Sikugeuka. Nilitazama kwenye kioo cha pembeni, nikaona kiti, nikaona nailoni ikiwa imebonyea katikati. Hapakuwa na mtu. Nikaukamata usukani kwa nguvu. Kisha ikaja harufu, ya dawa na shuka bichi.

Na sauti, chini kabisa, nyuma ya sikio langu.

"Bado?"

Hapo niseme habari za mke wangu, maana bila yeye hamtanielewa. Nilimwita Unyoya. Alikuwa mwembamba, akikaa kitandani hujui kama amekaa, na nilikuwa namtania kwamba siku ya upepo nimfungie jiwe mguuni. Alipougua ghafla nilimkodia teksi, tukaingia barabara hii hii kwenda hospitali, tukakwama. Kichwa chake kilikuwa mapajani mwangu. Kila baada ya muda aliniuliza, "Bado?" Nikamjibu, "Karibu." Tuktuk moja ikatupita ikipenya katikati ya magari, naye akaifuata kwa macho, akatabasamu. "Angalia kile kidude kinavyopenya," alisema. Baada ya hapo hakuuliza tena. Hatukufika.

Ndiyo sababu niliacha kazi ya ofisini nikafungua duka lile. Watu walidhani nimeona faida. Mimi nilitaka tu mjini kuwe na vidude vingi vinavyopenya.

Sasa mnaelewa kwa nini, niliposikia lile neno, woga ulinitoka wote mara moja. Machozi yakanijaa. Nikawasha.

"Karibu," nikasema. "Tuko karibu, mke wangu."

Nikaendesha mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, polepole, nikikwepa mashimo. Nilimweleza habari za duka. Nilimweleza kwamba mapazia yake nimeyafua vibaya yakajikunja. Hakujibu, lakini springi zilikuwa chini, na hilo lilinitosha. Kulikuwa na mtu nyuma yangu. Miezi yote ile sikuwahi kuwa na mtu, si mbele wala nyuma.

Asubuhi mteja alipokuja, mzee aliyewahi kuwa dereva wa lori, nilimdanganya. Nikamwambia breki zina kasoro, arudi wiki ijayo. Akanitazama usoni.

"Wewe ni mfanyabiashara wa kwanza ninayemwona anakataa kuuza," alisema. Akaenda zake.

Nilitaka nini hasa? Nilitaka kumuaga. Basi. Kwenye ile teksi nilikuwa namwambia karibu, karibu, mpaka ikawa hakuna wa kumwambia. Nilitaka siku moja anijibu, nimsikie, tuagane kama watu.

Kwa hiyo kila jioni fundi akishaondoka niliitoa ile ya bluu, nikasema, "Panda, utafika." Nailoni ilikuwa inalia. Nyuma kulikuwa kunashuka. Na kila jioni ilishuka zaidi.

Nilijisemea ni springi zinalegea.

Kisha nikaanza kusikia nailoni ikilia mara mbili kabla sijaondoka. Mara tatu. Kama watu wanaosogeleana. Na lile "Bado?" likawa linatoka upande wa kushoto, halafu upande wa kulia… halafu katikati, kwa sauti nzito yenye kukohoa.

Unyoya hakuwa na kikohozi.

Nililisikia hilo. Ila upweke ni kitu cha ajabu, unaweza kukufanya usikie kitu na usikisikie. Nikajibu, "Karibu," nikaendelea kuendesha.

Siku moja fundi akaingia chini ya ile ya bluu, akatoka amekunja uso.

"Bosi, hii umebebea nini? Mawe?"

"Kwa nini?"

"Springi mpya hizi. Angalia, zimelala kabisa. Na haijauzwa."

Nikamwambia labda ni za kiwango duni. Akanitazama, kwa mara ya kwanza bila neno la kuongeza, akabadilisha springi.

Mzee wa lori alirudi wiki niliyomwambia, jioni, wakati fundi ananawa mikono. Alikuja moja kwa moja kwenye tuktuk ya bluu. Akainama kuchungulia kiti cha nyuma, akanyooka haraka, akavua kofia yake.

"Shikamoo, mama," alisema.

Alikuwa anakiamkia kiti.

Akasubiri. Akaitikia kwa kichwa kama aliyejibiwa, kisha akanisogelea, akanong'ona, kwa adabu ya mtu asiyetaka kuaibisha watu mbele ya watu.

"Bosi, waambie abiria wako washuke kwanza, niijaribu. Wamebanana mno. Yule mama wa pembeni ni mgonjwa, asikae hivyo."

Unyoya alikuwa hata hajakaribia umri wa kuamkiwa na mzee yule.

"Unaona wangapi?" nilimuuliza.

Akanitazama. Akakitazama kiti. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba mimi sioni kitu. Alivaa kofia yake, akavuka barabara katikati ya magari bila kugeuka, na sijamwona tena.

Fundi alikuwa amesimama na sabuni mkononi, povu linamdondokea viatuni.

"Bosi," alisema taratibu. "Kuna mtu umemwambia apande?"

Nikamweleza yote. Nilitarajia anicheke, na ningefurahi kama angenicheka. Akatoka nje, akalitazama bango, akarudi.

"Barabara hii ndiyo ya kwenda hospitali," alisema. "Foleni yake tunaijua. Ni wangapi wameishia humu ndani ya magari, kama shemeji? Wamekaa hapo wanangoja. Halafu wewe unakuja, unawatundikia bango. Kila jioni unafungua mdomo unasema yeyote apande."

"Nilikuwa namwita mke wangu."

"Ulisema yeyote."

Nikageuka, nikakitazama kiti.

"Hata yeye anaweza kuwa humo," fundi alisema, sauti imeshuka. "Lakini hayuko peke yake. Sasa fanya kazi ya dereva. Umewapakia, wapeleke. Unawazungusha mtaani kila siku unawarudisha dukani, nani atavumilia?"

Nilimwomba tuende wote. Akakataa kwa upole. Alisema ana mke mgonjwa, na kiti cha nyuma kimeshajaa.

Basi nikaenda peke yangu. Nikaisukuma nje giza likianza kushika. Nikasema, na sauti yangu haikuwa ya utani tena:

"Pandeni. Tunakwenda hospitali. Leo mnafika."

Krr. Krr. Krr. Krr…

Tuktuk ikashuka mpaka chuma kikagusa chuma. Harufu ya dawa ilinijaa kooni. Nikaingia kwenye foleni, nikapenya. Vioo vya magari vilipita sentimita chache kutoka kwenye magoti yangu. Nyuma yangu walikuwa wanahema. Kila tulipopunguza mwendo walinong'ona wote pamoja.

"Bado?"

"Karibu," nilijibu. Sikugeuza shingo. "Karibu. Karibu."

Mtoto mmoja kwenye dirisha la gari la familia alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaanza kupunga mkono. Alipunga, akabadilisha mkono, akapunga tena, kama anayeagana na watu wengi. Mama yake akamvuta ndani.

Tukakaribia hospitali. Pale kwenye kona, kabla tu ya lango, tuktuk ilitikisika kidogo. Kitu chepesi sana. Nikadhani tumekanyaga jiwe dogo, sikulijali, nilikuwa nayatazama mataa ya lango.

Nikasimama.

"Tumefika," nikasema.

Nikazima injini.

Kisha springi zikapanda. Moja… Nikahisi baridi ikinipita mkononi. Tena. Na tena. Mlinzi wa lango alijikunyata, akafunga vifungo vya koti lake, akajiuliza kwa sauti huu upepo umetoka wapi. Kila aliyeshuka, nilisikia nailoni ikipumua. Mmoja alishuka kwa shida, akikohoa. Mwingine aliniachia neno sikioni, "Asante, mwanangu." Nikalia. Siwezi kuficha, nililia pale barabarani, mtu mzima na funguo zangu.

Halafu kukatulia. Nikatazama kwenye kioo. Nailoni ilikuwa bado imebonyea, katikati.

Amebaki mmoja.

Nikasema moyoni, ni yeye. Amewaacha wenzake watangulie ili tubaki wawili, tuagane. Nilipangusa macho. Maneno niliyoyaweka muda wote ule yakaja yote kwa pamoja, yakaziba mlango.

"Unyoya," nikanong'ona. "Tumefika, mke wangu. Nisamehe kwa ile foleni."

Nyuma yangu, polepole, kitu kikasogea mbele. Springi zikalia.

"Mkeo ameshuka wa kwanza," ilisema sauti. Haikuwa ya mwanamke. Haikuwa ya mwanamume. "Pale kwenye kona. Alikugusa bega. Hukusikia?"

Nikashika bega langu. Nikakumbuka lile jiwe.

Niligeuza kichwa kuelekea kona, na palikuwa na kijia, na taa, na ukuta wa hospitali. Hapakuwa na mtu. Alikuwa ameshaingia. Alipanda siku ya kwanza, akakaa nami jioni zote zile akinisikiliza habari za mapazia, na alipofika akashuka kimya kimya kama alivyokuwa akishuka kitandani asiniamshe. Mimi nilikuwa natazama mataa.

"Na wewe," nilisema mwishowe, "mbona hushuki?"

"Mimi siendi hospitali."

"Unakwenda wapi?"

"Kwako."

Magari yalikuwa yanapiga honi nyuma yetu. Mlinzi alinipungia mkono niondoke langoni.

"Kwangu hakuna mtu," nikasema.

"Najua," ilisema. "Ndiyo maana."

Nikawasha. Mngenifanyia nini, mngeniambia niende wapi? Nikawasha, nikarudi.

Bango nililishusha kesho yake. Fundi aliivunjavunja ile ya bluu akauza vipuri, na zile nyingine zinatoka vizuri, mji mzima sasa umejaa vidude vinavyopenya. Watu wananiambia nimefanikiwa. Wananiuliza kwa nini sioi.

Jioni nafunga duka, narudi nyumbani, nakula, nazima taa. Nalala upande wangu wa kitanda. Baada ya muda upande wa pili unashuka, taratibu, mpaka ninateleza kuelekea huko na inabidi nishike ukingo wa godoro.

Unyoya akilala pale, kitanda hakikuwahi kushuka.

Hainigusi. Inahema tu gizani, na ikikaribia alfajiri inaniuliza.

"Bado?"

Zamani nilikuwa nainyamazia. Siku hizi, kabla sijafikiri, najikuta nimejibu.

"Karibu."